Alama Tatu za Swali la Tisa

Karatasi zilikuwa ishirini na tatu, na Mwalimu Masanja aliiacha moja hadi mwisho. Haikuwa na jina. Kituo cha elimu ya watu wazima pale Cheyo kilitumia namba tu, ili msahihishaji asijue anamsahihisha nani. Lakini mwandiko ule aliujua. Herufi zilisimama wima na kubanana, kama za mtu anayeogopa kumaliza daftari. Ulikuwa mwandiko wa Nyamizi, mama mzazi wa mke wake.

Masanja alizaliwa Choma, wilayani Igunga, katika familia ya wafugaji. Kwao mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali naye, hampi mkono, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepinda kando hadi mama apite. Mjini Tabora wengi wameilegeza desturi hiyo. Masanja hakuilegeza, na Nyamizi, aliyekulia Nzega, hakutaka ilegezwe. Aliishi kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka kwa binti yake. Darasani aliingia wa mwisho na kuketi nyuma ya nguzo. Masanja naye alifundisha akiutazama ubao. Kituo kilikuwa na mwalimu mmoja tu wa hisabati, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine.

Lile lilikuwa jaribio la kituo. Aliyelifaulu alisajiliwa kwa mtihani wa maarifa wa taifa, ambao humpa mtu aliyeishia njiani nafasi ya kufanya ule wa kidato cha nne. Masanja alikuwa amelitunga kwa huruma. Hata hivyo, Nyamizi aliliacha wazi swali la tisa. Masanja aliinua kalamu, akaishusha. Kumwandikia mama mkwe sifuri nyekundu aliona ni sawa na kumkemea mbele za watu. Akaandika tatu. Akarudi nyuma, akaongeza mbili hapa na nne pale. Jumla ikawa arobaini na mbili. Kiwango cha kufaulu kilikuwa arobaini.

Jumatatu asubuhi karatasi zilirudishwa kwa wenyewe, na Mwalimu Asmahani, mkuu wa kituo, alimwita ofisini.

"Darasa zima limefaulu," alisema. "Umewalisha nini, Masanja?"

"Wamejitahidi, Mwalimu."

"Hata Revocatus?"

Revocatus alikuwa fundi mwashi aliyesinzia kila kipindi cha pili.

"Hata Revocatus."

Asmahani alivua miwani. "Mwaka jana tulisajili kumi na tisa. Kwenye ule wa taifa wakafaulu wanne. Wale kumi na watano mimi ndiye niliyewapa matokeo. Mmoja aliniuliza, 'Mwalimu, si mlisema niko tayari?' Jaribio letu liwe gumu. Litunge upya, walifanye Jumatano."

"Mwalimu, hawa ni watu wazima. Wanakuja hapa wametoka kazini, miguu inawauma. Shule iliwaacha mara moja. Tukiwakataa na sisi, hawatarudi."

"Huenda. Na tukiwadanganya, watarudi?"

Masanja aliyaamini aliyoyasema. Ila alijua pia kwamba hakuyasema yote.

"Nipe jibu kesho," alisema Asmahani. "Usajili unafungwa Ijumaa."

Alasiri hiyo Maua, mke wake, alikuwa uani akipepeta mchele. Masanja alikuwa ndani, karibu na dirisha, na karatasi tupu mbele yake. Akasikia hodi. Aliigeuza kandambili moja iliyokuwa imelala soli juu, kisha akakigeuza na kiti chake, akaelekea ukutani.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mumeo yupo?"

"Yupo ndani."

Nyamizi alivuta kigoda, akaketi chini ya dirisha, mgongo kwa dirisha.

"Mwambie nimepokea karatasi yangu."

"Mama, anakusikia. Yuko hapo hapo."

"Najua anasikia. Mwambie."

Maua akaguna. "Mwalimu, mama amepokea karatasi yake."

"Mwambie nampongeza."

"Anakupongeza, mama."

"Kwa lipi? Mwulize, swali la tisa nilijibu nini?"

"Swali la tisa alijibu nini?" Maua aliuliza. Sasa alikuwa ameacha kupepeta.

Ndani, kiti cha Masanja kililia.

"Basi nitasema mimi," alisema Nyamizi. "Sikuandika kitu. Kalamu haikugusa. Nimepewa alama tatu. Za nini? Za usafi wa karatasi?"

Maua alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Masanja! Ni kweli?"

"Mwambie nilishindwa."

"Kushindwa nini?"

"Kumwandikia sifuri. Ni mama."

Sauti ya Nyamizi ilishuka.

"Mwambie mkwe wangu heshima yake naipokea. Miaka sita hajanivunjia hata siku moja. Majirani wananionea wivu. Lakini huko taifa, atakayesahihisha hana mke niliyemzaa mimi."

Masanja aliinamisha kichwa.

"Mwambie miaka kumi na minane nafagia wodi ya wazazi. Akina mama wakizidiwa na uchungu wananishika mimi mkono, kwa sababu mimi ndiye niliye karibu. Nesi akija ananiambia, 'Nyamizi, asante, sasa pisha.' Napisha. Nachukua ufagio. Nataka siku moja nisiambiwe pisha. Mafunzo ya uhudumu wa afya yanataka cheti cha kidato cha nne, na mimi niliishia cha pili. Cheti hicho sikitaki cha kuning'iniza ukutani. Nikisoma dozi ya mgonjwa vibaya, nani ataniongezea alama tatu?"

Maua alikuwa ameinamia ungo. Alijua kwa nini mama yake aliishia kidato cha pili. Miaka ile msichana aliyebeba mimba hakurudi shuleni, na mimba yenyewe ilikuwa yeye.

"Na wewe inua uso," Nyamizi alimwambia. "Sijakutaja. Ningeambiwa leo nichague, ningekuchukua wewe, cheti ningekifuata baadaye. Ndiko ninakokwenda sasa. Mwambie atunge mtihani mwingine, mgumu."

"Mama, anasikia."

"Mwambie!"

"Mwalimu," alisema Maua, akijifuta pua kwa kanga, "mama anasema utunge mgumu."

"Mgumu kama wa kule," Nyamizi aliongeza. "Nikianguka, nianguke hapa kwetu."

Masanja alilitunga jaribio upya siku hiyo hiyo. Aliweka maswali ambayo yeye mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi, yalimtoa jasho. Jumanne asubuhi akampelekea Asmahani. Mkuu wa kituo alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akamtazama juu ya miwani.

"Jana ulikuwa mtetezi wao. Nani amekugeuza?"

"Mmoja wao, Mwalimu."

Asmahani alilikubali. "Sharti moja. Atakayeshindwa aambiwe na wewe, ana kwa ana, aonyeshwe na makosa yake. Yale ya mwaka jana sitaki tena."

Jumatano karatasi zilipogawiwa, wanafunzi walizipekua mbele na nyuma. Kisha Revocatus akainua mkono.

"Mwalimu, shemeji amekunyima chakula?"

Darasa likacheka. Nyuma ya nguzo mtu alikohoa ili asicheke.

"Andika, Revocatus."

"Naandika. Nauliza tu, tujue na sisi tunalipia kosa la nani."

Masanja alisahihisha siku hiyo na asubuhi iliyofuata. Safari hii hakuiacha karatasi yoyote hadi mwisho. Aliufikia ule mwandiko wa wima ukiwa wa nane, akausahihisha kama alivyosahihisha wa saba. Mkono ukaandika kilichostahili. Waliofaulu walikuwa tisa. Revocatus alipata hamsini na mbili, kwa kuwa alikuwa amepima kuta na pembe maisha yake yote. Nyamizi alipata thelathini na nne.

Alhamisi mchana aliwaita walioshindwa mmoja mmoja, akawaonyesha makosa yao. Wengine walikasirika. Mmoja aliondoka bila kuaga. Wengi waliuliza masomo yanaanza lini tena. Walikuja kumi na watatu. Wa kumi na nne hakuja, na Masanja alijua hatakuja, kwa sababu ofisi ile ilikuwa ndogo na kiti cha mgeni kilitazamana na cha mwalimu.

Alirudi nyumbani na karatasi mfukoni.

"Maua, nisaidie. Mpelekee mama."

"Siendi."

"Maua."

"Nimekuwa redio yenu miaka sita, nimechoka. Sharti ni ana kwa ana. Si ndivyo ulivyoniambia?" Kisha akamwona alivyosimama, akalainika. "Nenda, baba. Ananisumbua tangu asubuhi, anauliza kama umepita. Anakungoja."

Nyumba ya tatu haikuwa mbali. Masanja aliipita mara moja, akafika kwenye kona, akarudi. Nyamizi alikuwa barazani, juu ya mkeka. Alipomwona alijifunika kanga kichwani. Masanja alisimama upande, akiutazama mlango wa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nimekuja na matokeo."

"Sema."

"Thelathini na nne."

Mtaani baiskeli ilipita, kengele ikilia. Nyamizi alisubiri hadi ikaishia.

"Kwa hiyo mwaka huu mimi simo."

"Humo, mama." Kisha moyo ukamshinda. "Lakini nikizungumza na Mwalimu Asmahani, zimebaki alama sita tu, labda—"

"Usiturudishe kule tulikotoka."

"Samahani, mama."

Hakumtazama, lakini alisikia pumzi yake ikipanda na kukwama, na kanga ikisugua uso. Alitamani Maua awepo. Alisimama tu, mikono nyuma, kama mtu aliyefika msibani na hajui akae wapi. Hakuondoka. Baada ya muda pumzi ikatulia.

"Nitakuwa na miaka arobaini na sita," alisema Nyamizi.

"Ndiyo, mama."

"Ningekuwa nayo hata bila mtihani." Akapenga kamasi. "Niliangukia wapi?"

Masanja aliitoa karatasi. Hakuweza kumpa mkononi. Alipiga magoti ukingoni mwa mkeka, akiwa upande, akaiweka katikati yao na kuitelezesha. Nyamizi alisogea kidogo. Wote wawili wakainama, kila mmoja akiitazama karatasi tu, na Masanja akagundua kwamba kwa namna hiyo wangeweza kukaa karibu bila kuvunja kitu.

"Milinganyo," alisema. "Hapa. 3x + 7 = 22. Ile saba umeivusha upande wa pili, ikabaki ya kujumlisha. Ukapata ishirini na tisa."

"Ikivuka inageuka?"

"Inageuka, inakuwa ya kutoa."

"Kwa nini?"

Kwa miaka minne aliyofundisha pale, hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Alifikiri kidogo. "Chukulia mzani, mama. Pande zote mbili ziko sawa. Ukiondoa saba huku, lazima uondoe saba na kule, la sivyo mzani unalala."

Nyamizi aliugusa mstari kwa kidole. "Kumbe haivuki. Inaondolewa pande zote."

"Kweli haivuki."

"Basi mbona siku zote ubaoni unasema inavuka?"

Masanja alicheka. Hakuwa amewahi kucheka mbele yake, na alijiziba mdomo haraka.

"Ni kosa la mwalimu, mama."

"Andika na wewe sifuri yako. Nitungie jingine."

Aliandika jingine chini ya karatasi, akailaza penseli juu ya mkeka. Nyamizi aliichukua. Aliandika taratibu, akihesabu kwa midomo, na alipomaliza aliitelezesha karatasi kwa mkwe wake. Masanja aliisoma. Saba ilikuwa imeondolewa vizuri pande zote mbili. Ila mwishoni alikuwa amegawanya vibaya.

Aliirudisha karatasi katikati ya mkeka.

"Si sahihi, mama," alisema.

"Ngoja," alisema Nyamizi, akaivuta karatasi tena.