Jengo Litaendelezwa

Maneno yalianzia kwa wauza ndizi: atakayeandika jina kwenye daftari la kampuni, ameshakubali kuvunjiwa. Niliyasikia Jumatatu, nikalala nayo, nikaamka nayo. Hata nikiosha vyombo nilikuwa nayasikia.

Binti yangu Rukaya alikuwa anashona nguo kwenye baraza ya jengo la zamani nyuma ya stendi, hapa Moshi mjini. Miaka sita. Wateja wanaoshuka kutoka milimani hawakumjua kwa jina, walimjua kwa mahali: yule binti wa nguzo za bluu. Ukimwondoa pale, umemwondoa kazini.

Jengo likauzwa. Kampuni iliyonunua ilitaka kujenga ghorofa saba. Mzee Hussein, fundi saa wa chumba cha kona, alisema kuta zile babu yake alizijenga kwa kukanyaga chokaa kwa miguu, na kuzibomoa ni kufukua kaburi. Valerian, fundi simu, akamcheka.

"Shikamoo mzee. Hiyo historia yako mbona haizibi paa? Mvua ya Aprili nimeanika simu za watu kama dagaa."

"Marahaba. Na hilo ghorofa lako utalipanda na nini? Na bisibisi?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Wiki hiyohiyo tangazo likabandikwa kwenye nguzo. Rukaya alikuwa anampima mteja, akaniambia, "Mama, hebu nisomee." Nikasoma kwa sauti, wote wakisikiliza: *Jengo hili litaendelezwa. Wapangaji wajiorodheshe kabla ya tarehe kumi na tano.*

Moyo wangu ukatulia. "Mmesikia? Litaendelezwa. Jengo linaendelea, hawavunji."

"Mae! Una hakika, Mama Rukaya?" aliuliza Stella, anayeleta ndizi za mshare kutoka Kirua Vunjo.

"Si nimesoma mimi? Huko kujiorodhesha ndiko kwenye mtego. Kama jengo linaendelea, majina ya nini?"

Nimeishia darasa la saba, lakini pale barazani mimi ndiye niliyekuwa msomaji wao. Wakaniamini.

Rukaya alitaka kwenda hata hivyo. Alishachukua kitambulisho, futi bado iko shingoni. Nikamshika mkono. "Mwanangu, jina likishaingia kwenye karatasi za watu halitoki. Kaa." Akaniangalia, akakaa. Ni mtoto msikivu, na hilo ndilo linaloniuma.

Pale barazani Valerian peke yake ndiye aliyekwenda. Aliporudi tukamwita msaliti. "Karibu, bwana ghorofa!" Stella akamrushia ganda.

Tarehe ishirini asubuhi tulikuta mabati yamezungushwa na tingatinga limeshafika. Tuliwahi kutoa cherehani. Meza ya kukatia nikasema tutaitoa kesho, ikafukiwa humo ndani. Nikamvamia msimamizi wa kampuni kwa maneno: "Si mliandika litaendelezwa!"

"Ndiyo, mama. Kuendeleza ndiko huku, kuvunja na kujenga upya. Wale waliojiorodhesha tumewapa vibanda vya muda Njoro, na jengo likiisha wanarudi humu. Binti yako anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akapitisha kidole kwenye orodha, juu mpaka chini. Akarudia tena, taratibu. Hakuna.

"Basi mwandike sasa hivi, baba."

"Nafasi zimejaa, mama yangu. Watu wa vyumba vya ndani walikuja siku ya kwanza."

Mzee Hussein naye hakujiandikisha. Nikamwambia, angalau tuko wawili. Akatikisa kichwa. "Hapana, Mama Rukaya. Mimi nilijua ninachokataa. Binti yako hakuambiwa."

Sasa Rukaya anashonea nyumbani kwetu mtaa wa Soweto, uani, ambako hakuna anayepita. Mwezi huu amepata wateja watatu. Hanilaumu. Huniambia, "Mama, chai tayari," kisha anainamia kitambaa.

Wewe uliyeko kwenye jengo la zamani, au mwanao yuko huko, shika haya:

Usimsomee mtu neno usilolijua maana yake.

Usilikatae daftari kabla hujauliza ni la nini.

Usichukue habari za ofisini kwenye mikungu ya ndizi.

Usimwite msaliti mtu aliyekwenda kuuliza.

Usimzuie mtoto mkubwa kwa sababu ya hofu yako.

Usiache kitu ndani ukisema utakitoa kesho.