Bi Mina Atembezwa

Mina Cargill alitoka kijijini Auchterbrae asubuhi akiwa amenuna, na alikuwa na haki ya kununa. Mwanawe Innes, ambaye hakuonekana tangu Krismasi, amekuja na gari lililooshwa, eti, "Leo nakutembeza, mama." Kutembezwa! Mwanamke aliyezaliwa hapo hapo aonyeshwe milima yake mwenyewe kama mtalii!

Kwanza wakaenda ngomeni. Mwongozaji alivaa sketi ya miraba ya wanaume wa Kiskoti, lakini alipofungua mdomo, loo, Mwingereza mtupu.

"Hapa ndipo bwana mkubwa alipokuwa akila na wageni wake," alisema.

"Na babu zetu ndio walioliwa," Mina akamjibu. "Zizi langu lina paa, ngome hii haina. Mbona mimi silipishi watu kiingilio?"

"Mama, taratibu basi."

"Taratibu ya nini? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Kwenye kiwanda cha wiski alipewa tone ndani ya kibilauri. Akauliza kama ni la kunywa au la kujipaka nyuma ya sikio. Mjini Kirkmorran, kwenye duka la blanketi za sufu, aligeuza lebo moja, akasoma zilikotoka, akaguna mpaka muuzaji akaona haya. Innes hakukasirika hata mara moja, na hilo ndilo lililomtia Mina wasiwasi. Innes huyu, ambaye tangu utotoni hakuweza hata kungoja uji upoe!

"Sasa tukanywe chai," alisema Innes. "Kuna mahali pazuri."

Palikuwa na maua mlangoni. Ndani, kuta zote zilikuwa na vyuma vya kushikilia, na wazee walikuwa wamepangwa mbele ya televisheni ambayo hakuna aliyeitazama. Mina alielewa kabla hajavua koti. Kumbe safari yote ilikuwa ya kuja hapa, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, atolewe nyumbani kwake aje kupangwa na hawa. Alimtazama mwanawe. Mwanawe akatazama birika.

Msimamizi, mwanamke mnene aitwaye Shona, aliinama na kupaza sauti kana kwamba anaongea na kiziwi. "Karibu, mpenzi! Unapaonaje kwetu?"

Mina akamgeuzia mgongo. Mpishi alikuwa amesimama pale na sahani ya vimkate vya skoni, bado ana unga mikononi, anangoja kusikia. Huyo hakuwa na kosa. Mina akamega moja, akatafuna, akamwambia, "Si mbaya."

Innes akaweka kikombe chini. Machozi yalimlengalenga. Auchterbrae hawajui kusifu. Bibi harusi akipendeza, si mbaya. Fahali akishinda maonyesho ya wilaya, si mbaya. Juu ya hapo hakuna neno.

"Mmesikia?" Innes alimshika Shona mkono. "Amesema si mbaya! Hamumjui mama yangu nyie. Amepapenda!"

"Skoni, bwege wee! Nimesema skoni!"

Innes akamwachia Shona mkono. "Lakini mama... nilishawakubalia. Chumba kimeshalipiwa."

"Sasa ulikuwa unaniuliza nini?"

"Sikukuuliza. Nilitaka tu upapende."

Mina akainuka, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Alimdharau mwanawe wakati ule kuliko ngome, wiski na blanketi zote kwa pamoja. "Kutwa nzima unanionyesha magofu ya watu," alisema, "na kaburi langu ulishalichimba."

Akatoka nje, akaingia garini, kiti cha mbele, akajifunga mkanda. Heri arudi kwake hata kwa kugombana njia nzima. Baada ya muda Innes naye akatoka, kichwa chini. Mina akamwandalia matusi ya kutosha mpaka nyumbani.

Innes akaupita mlango wa dereva. Akazunguka nyuma, akafungua buti, akateremsha sanduku la nguo za mama yake.