Mkono Mgongoni mwa Lerionka

Lerionka alipokwenda kwa mhunzi, kule Terrat, kuchukua kisu chake, alimkuta Nkasiogi anavukuta moto, mtoto mgongoni. Mhunzi, baba yake Nkasiogi, alikuwa porini, kwa hiyo kisu alikitoa yeye. Lerionka alijipaka kwanza mafuta ya kondoo kiganjani, kama alivyofanya kila mtu anayepokea chuma kutoka kwa wahunzi, kwa kuwa wahunzi walihesabiwa najisi. Kule kwenye tanuri la mkaa, alikomtia Nkasiogi mimba, hakujipaka kitu.

"Mwanao anaota meno na bado hana jina," Nkasiogi alimwambia. "Mimi desturi hainiruhusu. Njoo umpe."

Lerionka akajaribu kisu kwenye ukucha. "Kimenoleka," akasema, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi mkono wa chuma ulikuwa umemwota mgongoni, umemshika bega. Mkewe aliona kovu la moto kwenye kidole gumba cha mkono huo, kama la Nkasiogi, akajua ni wa nani. Akamkorogea uji, akamwonya asilale chali, atatoboa ngozi ya kulalia.

Wazee wakakutana, wakamwita Nkasiogi. Akaja na mikono yake yote miwili, akasimama nje ya uzio, wanaposimama watu wa kwao.

"Binti, mkono huu ni wako?" mzee Koikai aliuliza.

"Ni wangu, mzee. Unataka mtoto apewe jina na baba yake."

Hakuna aliyebisha. Lerionka naye hakukana. Angekanaje, na ushahidi umemng'ang'ania bega? Wakajadili mpaka jua likawa kali, wakakata shauri kwamba Lerionka asafishwe, na kondoo atoke kwa wahunzi. Nkasiogi alikuwa na kondoo mmoja tu, aliyemfuga kwa ajili ya siku ya jina la mwanawe. Akamleta mwenyewe kwa kamba. Roho ilimuuma jamani, ilimuuma hasa, na hapakuwa na wa kumpa pole.

Lerionka akapakwa mafuta ya kondoo yule, chuma na ngozi, akatangazwa safi. Mkono haukutoka. Bwana shauri wa Kiingereza, mkuu wa wilaya, alipotafuta mtu wa kukaa kwenye baraza Arusha, aliuliza tu kama shuka lingeweza kuufunika. Likaweza.

Lerionka akawa anaamua kesi za urithi, bega limetuna chini ya shuka, na vijana wakimwamkia shikamoo. Binti wa Nkasiogi akaanza kutembea, bado hana jina. Mama yake akitaka aje, hupiga makofi.