Sauti ya Pili ya Wimbo wa Baiskeli

Natsuho Fukahori aliamua tangu asubuhi, akiwa amepiga magoti kanisani, kwamba hataimba. Atasimama na wenzake, atafungua mdomo na kuufumba kwa wakati wake, wala hakuna atakayejua. Aliwahi kufanya hivyo akiwa na miaka kumi na mitano na mambo yakaenda vizuri. Sasa ana ishirini na tisa, atashindwaje?

Hakulipeleka jambo hilo kwa Mungu kama ombi. Alilipeleka kama taarifa, kama mfanyakazi anayemwarifu bosi kwamba kesho hatakuja. Halafu akaona haya, akainamisha kichwa, akangoja misa iishe.

Shule yao ya zamani, ile iliyo juu ya ngazi mia na kitu, ingefungwa mwezi wa tatu. Watoto wamepungua, waliobaki watavuka kwenda shule ya upande wa pili wa ghuba. Kabla ya kufungwa kutakuwa na sherehe ya kuiaga, na Tsugumi Iwanaga, aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya darasa lao, alikuwa amewatafuta wenzake mmoja mmoja ili waimbe tena wimbo wa baiskeli. Ulikuwa wimbo wa redio wa mwaka ule, wa kijana na msichana wanaoteremka kilima kwa baiskeli moja baada ya masomo. Darasa zima lilikuwa likiulilia, ingawa katika mji ule wa milima na ngazi hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na baiskeli.

Walioitika mwito walikuwa kumi na tisa. Waimbaji wa sauti ya kwanza walipatikana wa kutosha. Wa sauti ya pili alipatikana Natsuho peke yake.

"Wewe ndiye nguzo," Tsugumi alimwambia kwenye simu. "Ukikosa wewe, tunaanguka wote."

Natsuho alikuwa amechoka mno kubishana. Ndiyo maana Jumapili ile, baada ya misa, alijikuta kwenye chumba kidogo cha karaoke karibu na stesheni, ambako mchana ni bei nafuu. Kulikuwa na meza, sofa la plastiki na jagi la chai baridi. Tsugumi alikuwa amefika na daftari la maneno. Daigo naye alikuwepo, mwenzao aliyekuwa akiimba besi, ambaye siku hizi anaendesha gari la kusambaza vifurushi. Alikuwa amejinyoosha kwenye sofa bila kuvua koti.

"Usinitazame hivyo, Natsu," alisema akiwa amefumba macho. "Wiki hii watu wameagiza maji ya chupa. Masanduku kwa masanduku, na wote wanakaa juu ya ngazi."

"Si ulisema umekuja kuimba?" Tsugumi akamuuliza.

"Nimekuja kulala mahali ambapo mke wangu hawezi kuniita. Kuimba ni nyongeza."

Waliuweka wimbo, wakaimba wote watatu, na Natsuho akafungua na kufumba mdomo wake vizuri kabisa. Mashine ya karaoke, inayompima anayeimba, ikatoa alama tisini na moja kwa mia. Tsugumi hakufurahi.

"Shoga, mbona sikusikii? Hebu imba peke yako."

"Nimechoka, Tsugumi."

"Nani hajachoka humu? Mimi nimeacha mtoto na mama mkwe, na nikirudi nitasimuliwa mpaka kesho. Imba."

Basi akaimba. Na kilichotoka hakikuwa sauti yake. Ilikuwa nyembamba, laini, imepanda juu kama birika linaloanza kuchemka. Natsuho aliijua mara moja, kwa kuwa huishi nayo saa nane kwa siku. Kwenye ofisi yake, inayopokea simu za watu ambao hita zao za maji ya kuoga zimeharibika, msichana anafundishwa wiki ya kwanza kuipandisha sauti yake kabla hajasema alo. Anaomba radhi kwa sauti hiyo. Natsuho ameomba radhi kwa sauti hiyo miaka sita, zaidi ya mara mia kila siku, kwa hita ambazo hakuziharibu yeye.

Daigo alifumbua jicho moja. "Alo, dada, maji yangu hayapati moto tangu juzi."

Tsugumi alicheka mpaka akashika mbavu. Natsuho naye akacheka kidogo. Mashine ikampa alama hamsini na mbili.

"Usiisikilize hiyo," Tsugumi akasema akijifuta macho. "Mashine inajua sauti ya kwanza tu. Ukiimba ya pili, inadhani umepotea. Lakini wewe unayo ile sauti nzito, naikumbuka mpaka leo. Ngoja nikusikilizishe mwenyewe."

Akatoa simu. Kumbe alikuwa na rekodi ya siku ya mashindano ya kwaya shuleni, ile siku darasa lao liliposhika nafasi ya kwanza. Aliiweka katikati ya meza, wakainama wote. Piano ilianza, halafu wale watoto thelathini na wawili wakaingia, sauti zao zimejaa pumzi. Chini ya sauti ya kwanza ilipita sauti moja nzito, tulivu, iliyobeba wimbo kama mtu anayebeba mzigo wa mwenzake bila kuambiwa.

"Unasikia?" Tsugumi alisema kwa sauti ndogo. "Ni wewe huyo. Kila siku ngumu hukaa jikoni nikakusikiliza."

Natsuho aliuhisi uso wake ukipata moto. Angeweza kunyamaza. Ilikuwa zawadi nzuri, na mtu akikupa zawadi kimakosa, si wewe uliyeiba.

Daigo akajikuna shingo. "Hapana bwana. Huyo ni mimi."

"Wewe uliimba besi."

"Nilitakiwa kuimba besi. Nilipanda jukwaani, nikaona wazazi, besi ikanitoka kichwani. Nikashika ya wasichana waliosimama mbele yangu. Sikumwambia mtu, tulishinda, ningesema nini?"

Tsugumi alimgeukia Natsuho. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Hapo Natsuho akajua kwamba uongo wa kusimama na mdomo wazi hautafika hata kwenye sherehe. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Nilikuwa pale pale. Sikuimba. Ulinipa barua siku mbili kabla, umeikunja kwa umbo la shati kama wasichana tulivyozoea. Uliandika kwamba sauti yangu inajitokeza mno, na siku ile nifungue mdomo tu, kwa ajili ya wote."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa ile sauti yake ya chini, na alipoisikia alishtuka, kana kwamba mtu mwingine ameingia chumbani.

Tsugumi alitazama mikono yake. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Lakini uso wake ulionyesha kwamba hakuwa amesahau yote. Umbo lile la shati alilikumbuka. Alikuwa akilikunja vizuri kuliko wasichana wote.

"Samahani," akasema. "Natsu, nisamehe. Nilitaka tushinde tu."

Natsuho akafungua mdomo kujibu, na kitu cha kwanza kilichokuja ni yale maneno ya kazini: pole kwa usumbufu uliokupata. Akayameza. Yeye anayeomba radhi mchana kutwa hakujua radhi hupokewaje. Haikumwondolea uchovu. Ilikaa tu mbele yake, ndogo, ya kweli, ikimngoja.

"Haya," alisema mwishowe. "Nimesikia. Lakini sherehe ikifika usiniambie mimi ni nguzo. Sijui kama naweza. Sijawahi kuiimba mbele ya watu."

"Si ndiyo tunafanya mazoezi?" Daigo akasema, akijikokota kuketi. "Mimi nakuanzishia. Miaka kumi na nne nimekushikia nafasi, dada, mgongo unauma."

Tsugumi alizima alama za mashine. Daigo akaanza taratibu, Natsuho akaingia nyuma yake. Ilitoka kavu, ikakwaruza, ikakatika kabisa kwenye mstari wa tatu, pale sauti ya pili inaposhuka. Hakuna aliyecheka. Tsugumi aliacha kuimba sauti yake ya kwanza, akabaki anasikiliza, kalamu mkononi, kama mtu anayejifunza wimbo mpya.

Natsuho alikunywa chai. Koo lilimuuma, miguu ilimuuma, na kesho ni Jumatatu.

"Tena," alisema. "Hapo kwenye mstari wa tatu nimekosea."