Kamba Zibaki, Nguo Zitoke

...eti ngojea tu hapo nyuma ya nguzo, Ngendo, wingu lipite, na Ngendo akangojea kweli, kama fala, mashuka ya watu na sare za shule na gauni la mke wa pastor vimejaa mikononi, vyote vibichi, maji yanamtiririka viwikoni yanaingia kwenye raba, huku Byron ameinamia kamera, anakitazama kiwanda cha nguo kilichokufa kana kwamba amekizaa yeye, anataka ile feeling ya kuachwa, ndivyo alivyosema, kamba zibaki, kamba zina texture, nguo ndizo zinaharibu, na nani alizianua, si ni huyu huyu mwenye digrii ya mipango ya miji, miaka inaenda CV hazijibiwi, kwa sababu Byron waliyesoma naye ameahidi kumwandika chini ya picha, assistant, wacha wee, assistant wa kubeba nguo alizofua mamake, mama aliyesokota nyuzi humu mpaka mashine zikanyamaza, akatolewa kwa lango la mbele, akarudi na beseni kupitia ukuta uliobomoka nyuma, maana ploti za siku hizi zimebanana hata leso haikauki, humu madirisha yamevunjika pande zote upepo unapita kama uko kwao, na ndizo nguo hizi za watu zilizomsomesha Ngendo, ndizo zinazomlisha mpaka leo na digrii yake, ngai, na bado mama amempa Byron chai, mgeni njoo mwenyeji apone, na sasa simu ya Byron inalia, anachanganya Kiswahili na Kizungu cha puani, yes, yes, Thika, light ni moto, Ngendo anasikia nusu nusu, kitu kuhusu exhibition, kitu kuhusu investors watakuja kuona, halafu hiyo moja akaisikia yote, “Iko empty kabisa, boss. Hakuna mtu.” Hakuna mtu... na chai ya mama bado iko tumboni mwake... hata kile kiwanda cha kahawa kule Ruiru hakikuwa na mtu, kwa picha, Byron alikipiga picha mwaka jana, zikatundikwa ukutani watu wakazinywea wine, na haki zilikuwa safi, Ngendo mwenyewe alizipa like, kufumba na kufumbua mabati yamezungushwa, askari na mbwa getini, na wamama waliouza mitumba kwenye kivuli chake wakaulizwa nyinyi mmetoka wapi, si picha zinaonyesha hapa hapakuwa na mtu, kumbe huyu msee hapigi picha, anafagia, yeye hutangulia na ufagio na tingatinga hufuata, na leo ufagio amemshikisha nani, “Ngendo,” mama anaita kutoka mferejini nje, hajui lolote, anasuuza, “upepo uko?” “Uko, maitu,” akajibu, sauti ikamtoka imenyooka kuliko alivyodhani, na Byron akaweka simu mfukoni, akainama tena, “Usisonge, jua linakuja,” na Ngendo hakusonga, wingu limekaa pale pale, maji yanatiririka vile vile, kamba iko hatua moja tu mbele ya nguzo, katikati ya picha ya Byron, ila mkono mmoja umeshapapasa kwenye zile nguo ukalipata gauni la mke wa pastor, la waridi, pana kama hema la krusedi, basi jua na lije, lije lote, vibanio viwili tayari ameviuma kwa meno.