Hedi Mbili za Gari la Dada

Dada yangu alikuwa ameanza mashindano matano ya magari, na hakuwahi kumaliza hata moja. Mara zote tano gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Fundi wake nilikuwa mimi. Nililaumu petroli, nikalaumu joto, na safari moja nikamlaumu nzi.

Ikafika Ijumaa ya mwisho. Uwanja ulikuwa umeshauzwa; Jumapili tunashindana, Jumatatu matingatinga yanaingia.

"Sitaki kombe, mdogo wangu," aliniambia. "Nataka kuipita ile bendera ya kumalizia, hata nikiwa wa mwisho. Mara moja tu."

Mezani gerejini palikuwa na hedi mbili. Hedi ndiyo kichwa cha injini: hewa na petroli huingilia humo, moshi hutokea humo. Moja tuliitoa kwenye teksi iliyochoka, nyeusi, nzito, haina mbwembwe. Ya pili niliichonga wiki tatu kwa tupa na msasa, nikipanua njia zake za hewa ili injini ivute pumzi kama ng'ombe anywavyo maji. Iling'aa hadi mke wangu akawa anakuja kujitazama humo akifunga kitambaa. Nikipuliza upande huu, jirani anafunga dirisha upande ule. Anayebisha akamuulize, ingawa jirani mwenyewe alishahama.

Desturi yetu ilikuwa moja. Kabla ya kufunga hedi, tunajaza mafuta ya taa kwenye mifereji yake ya maji ya kupoza injini, kisha tunakunywa chai. Chai ikiisha na tone halijapenya, hedi ni nzima.

Sikumaliza hata nusu kikombe. Ndani ya njia niliyoipenda kuliko zote palitokeza tone, dogo kama kichwa cha sindano. Nikalifuta. Likarudi. Tupa yangu ilikuwa imekula ukuta hadi ikautoboa mfereji.

Dada akaingia. "Vipi, fundi mkuu?"

"Safi kabisa."

"Na hicho kinachometameta?"

"Jasho hilo. Chuma kizuri hutoka jasho."

"Toka lini? Wewe mwenyewe nyama na damu hutoki, kwa uvivu."

Ningeweza kupaka gundi ya chuma. Ingeshika mizunguko minne, pengine mitano, na shindano lilikuwa la mizunguko kumi na miwili.

"Dada, nimetoboa."

Aliligusa lile tone kwa kidole, akakinusa. "Na zile mara tano ulizonivuta kwa kamba?"

"Zote ni tupa."

"Hata ile ya nzi?"

"Hata ya nzi."

"Tamaa mbele, mauti nyuma. Haya, lete ya teksi. Na hiyo tupa nipe mimi."

Akaiweka kwenye kiti, akaikalia.

Jumamosi kutwa tulisaga valvu, vile vizibo vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi. Unapaka unga wa kusagia, unanasa valvu kwa kijiti chenye mpira, unakizungusha viganjani kama anayepekecha moto, hadi valvu ikae kitako sawasawa na kuacha pete ya kijivu isiyokatika.

"Hapa nikwangue kidogo tu, Dada, unene wa ukucha..."

"Saga!"

Tukajaza mafuta ya taa, tukanywa chai, tukaongeza birika la pili. Pakavu. Bolti alizikaza yeye mwenyewe, akianzia katikati kwenda pembeni, raundi tatu.

Jumapili injini ilipowaka ililia kama teksi hasa. "Dereva, shusha hapa!" akapiga kelele mtu, na uwanja mzima ukacheka. Mzunguko wa tano, nane, kumi. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta kana kwamba ndio unaokimbia.

Bendera ikashuka mbele yake. Wa sita kati ya wanane.

Lakini hakusimama. Akazunguka tena, na tena. Mshika bendera akaikunja bendera yake, akavaa koti, akaenda zake. Wenye magari wakapakia na kuondoka. Nilibaki peke yangu ukutani nikimsikiliza akipita, valvu zikigonga taratibu, moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza maishani sikutamani kuzigusa.