Bakuli la Mti Mbichi

Mtu akikereza miguu ya viti mwaka hadi mwaka, yote sawasawa kama mapacha, mwisho wake ama anazoea ama anapata wazimu. Maranda hakuzoea. Jina hilo alibandikwa karakanani, maana hakuna siku aliyotoka pale bila maranda ya mbao kichwani. Karakana ilikuwa ya kaka yake, mashine ya kukerezea ya kaka yake, na kaka mtu alikuwa na wimbo mmoja tu: miguu, miguu, miguu.

"Kaka, niachie mashine Alhamisi moja tu," Maranda alimwomba. "Ukumbi wa maonyesho wamenipa nafasi ya kushindana. Wanataka kitu cha sanaa, cha mkono wangu mwenyewe."

"Sanaa!" Kaka alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, chukua. Lakini kitu chako kikiharibika, sitaki kusikia tena habari za sanaa humu ndani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Na dada mtu akaenda kuchagua nini? Gogo bichi! Limekatwa juzi, ukiligusa unalowa kiganja. Jamani, hata anayejifunza kushika patasi anajua: bakuli la mti mbichi hukerezwa nene, likawekwa rafuni miezi likauke, ndipo limaliziwe. Ukilimaliza bichi litapinda, utake usitake. Kaka aliliona lile gogo, akatikisa kichwa, akajiondokea zake.

Maranda akawasha mashine. Maji ya mti yakamrukia usoni. Umbo la nje lilipokaa vizuri, akaning'iniza taa kwa nyuma, akaanza kuchimba ndani. Mti mbichi ukiwa mwembamba hupitisha mwanga: palipong'aa rangi ya asali, basi, imetosha, palipokuwa na giza, patasi ilikuwa bado na kazi.

Shida ni kwamba asingeweza kupumzika. Ukingo mwembamba ukianza kukauka hujikunja palepale kwenye mashine, na patasi ikiugusa umejikunja, kwisha habari.

"Wifi, chakula kinapoa!" mke wa kaka yake aliita.

"Kipoe!"

Aliitwa tena, hakugeuza hata shingo. Roho ilikuwa mkononi. Alijua akikosea hapa, atakereza miguu mpaka azeeke.

Aliposimamisha mashine, bakuli zima lilikuwa linawaka kwa ile taa ya nyuma. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni na sahani. "Loo!" alisema, akasahau alichokuja kufanya.

Bakuli likaachwa likauke. Asubuhi ya maonyesho Kaka akaja kulikagua. Mdomo wa bakuli ulikuwa umenyanyuka pande mbili na kubonyea pande mbili.

"Si nilijua? Limepinda!"

"Nilitaka lipinde, Kaka. Nilisoma nyuzi za mti kabla sijaligusa, nikajua litapindia wapi."

"Thubutu! Limekushinda, sasa unajitetea."

 Maranda aligeuza ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani. Hapo alikuwa amechora kwa mkaa, kabla ya kuwasha mashine, bakuli lenye mdomo uleule, mwinuko kwa mwinuko. Kaka alitazama mchoro, akatazama bakuli, akatazama mchoro tena.

Ukumbini watu walilizunguka bakuli hata pa kupita hapakuwa. Likatangazwa la kwanza. Makofi, vifijo, wifi mtu anaruka kama kashinda yeye! Katikati ya kelele zile akapenya mwenye hoteli, mteja mkubwa kuliko wote pale karakanani.

"Fundi, kumbe aliyekereza bakuli hili ni huyu wa kwako!" alimwambia Kaka. "Basi viti vyote vya hoteli yangu mpya, miguu akereze yeye. Sitaki mwingine."

Maranda akaona miguu ya viti imemrudia. Oda ile kaka yake alikuwa akiiota usiku na mchana.

Kaka akakohoa.

"Miguu nitakereza mimi, bosi," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni. "Huyu dada yangu ni msanii. Ana kazi yake."

Maranda aliangua kicheko mbele ya umati wote, machozi yakimtiririka, wala hakujisumbua kuyafuta.